Spika ya Kushoto

Mvua ya Kakamega haina adabu. Humngoja mtu atoke nyumbani na shati jeupe, ndipo ishuke. Siku hiyo ilimkuta Titus Shikanga karibu na soko, ikamsukuma pamoja na akina mama wa mboga, wanafunzi wa chuo na mzee mmoja aliyekumbatia jogoo, hadi ndani ya duka la vifaa vya umeme la Nehemiah. Duka likajaa pomoni. Kila mtu alijifanya mteja, akishikashika chaja na tochi huku jicho liko nje. Titus peke yake ndiye aliyekuja na nia ya kununua.

Alitaka spika. Kule Shirere alipanga nyumba ya vyumba viwili, kimoja akakifanya studio: godoro limeegemezwa ukutani, blanketi nzito dirishani, maikrofoni imesimama mahali pa kabati. Kwaya za makanisa zilimjua, na vijana wa chuo walimjua. Taabu yake ilikuwa sabufa kuukuu aliyoitegemea. Sabufa ile ilikuwa mwongo. Wimbo uliopigwa chumbani mwake ulitetemesha vikombe, ukitoka nje ukawa uji wa maji matupu. Alihitaji monita, zile spika za studio zinazomwambia mtu ukweli wa alichorekodi, naye hakuwa na mfuko wa kuchagua sana.

Nyuma ya kaunta alisimama msichana mwenye gauni la kijani na sweta ya maruni, nywele zimesukwa kurudi nyuma, midomo imekaa tayari kucheka.

"Karibu, bro. Ama na wewe umekuja kujikinga mvua?"

"Nimekuja kununua."

"Eeh! Watu wa Mungu, tumepata mmoja!"

Duka zima likacheka. Titus akacheka pia, ingawa shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Nataka monita. Hizo kubwa hapo juu mnauzaje?"

"Chumba chako ni saizi gani?"

"Kitanda kikiingia, mtu anatoka."

"Basi hizo zitakutoa wewe. Besi itakuwa inagonga ukuta inakurudia."

"Najua, bana. Lakini mwanaume huulizanga kubwa kwanza."

Msichana akatikisa kichwa, akamshushia jozi mbili ndogo. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, ina taa za buluu. Nyingine ilikuwa ya mitumba kutoka studio moja iliyofungwa huko Eldoret, imechubuka pembeni, haina urembo wowote. Titus akaomba waunganishe simu yake. Alicheza wimbo wa kwaya aliourekodi mwenyewe, ambao aliujua hadi pumzi za waimbaji. Kwenye zile za taa wimbo ulikuwa mtamu, akina mama wa mboga wakaanza kutikisa mabega. Kwenye zile zilizochubuka wimbo ulipoa. Ikasikika benchi ikilia, ikasikika soprano mmoja akichelewa kuingia.

"Hizi zinanichongea," Titus akasema.

"Si hiyo ndiyo kazi yake? Hizo zingine zinakubembeleza tu." Kisha akamtazama vizuri. "Lakini mbona unageuza shingo hivyo? Kama kuku ameona mwewe."

"Ndio nasikianga poa."

Akachukua zilizochubuka. Wakati wa kufungiwa akauliza, "Na zikinisumbua nipige simu gani?"

"Ya duka iko kwa risiti."

"Na zikisumbua Jumapili?"

Msichana akamnyang'anya simu, akaandika namba mwenyewe. Milcah Awinja. Jumapili, kabla hata ibada haijaisha, spika za Titus zilikuwa zimeshaanza kusumbua.

"Zina nini?" Milcah akauliza kwenye simu, sauti ya chini, yuko nje ya kanisa.

"Zimenyamaza."

"Umeziwasha?"

"Bado."

Alicheka hadi mzee wa kanisa akamwangalia. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa ugonjwa wa spika ambazo hazikuwa zikiumwa. Leo waya umelegea, kesho kuna mlio, keshokutwa njoo uone mwenyewe. Milcah alikuja Shirere na ndizi kwenye mfuko, akakuta monita zimebanwa ukutani, akamkemea. Wakazivuta mbele pamoja, wakaziinua juu ya matofali zilingane na masikio ya mtu aliyeketi, wakazielekeza ndani kidogo, kisha wakaketi sakafuni wakala obusuma, ugali wa kwao, na mboga alizopika Titus kwa mikono yake. Zilikuwa na chumvi nyingi. Milcah alizimaliza zote.

"Mpenzi," akamwambia siku moja, "nataka unirekodie wimbo. Mama yangu tukimfanyia kumbukumbu, upigwe pale kaburini. Niliutunga mwenyewe."

"Nitakufanyia mzuri mpaka watu walie kabla ya kuwekewa chai."

"Wewe! Kwa mama yangu?"

"Pole, dia. Nitaufanya vizuri."

Wakarekodi sauti mchana mmoja wa joto, milango imefungwa. Milcah alikuwa na sauti nzito kidogo, ya kukaa chini, isiyojionyesha. Titus aliisikiliza kutoka kwenye kiti chake, akajua kwamba huyu ndiye. Hakusema. Alifikiri angesema wimbo ukiisha.

Wimbo haukuisha. Alipoketi kuulinganisha, spika ya kushoto ilikuwa hafifu. Akaiongeza. Kesho yake ikawa hafifu tena. Akabadilisha waya, akapuliza vumbi, akafungua kisanduku cha kurekodia akakifunga. Tena kulikuwa na nyenje wanaolia dirishani bila kupumzika. Alimwomba jirani akate ua wa michongoma, jirani akakata, na nyenje hawakuhama. Titus akaanza kuamka na hasira.

"Mlinipatia jozi mbaya," akamwambia Milcah.

"Zilete dukani tuzipime."

Akazileta. Nehemiah akazipima mbele yake, akasema nzima. Titus akazirudisha Shirere, na ile ya kushoto ikawa imekufa palepale.

Ndipo Makhanu, mwalimu wa kwaya moja ya Lubao, akapiga simu.

"Prodyusa, kwa simu wimbo uko sawa. Lakini tumeweka kwa gari ya pasta, sauti yote imekaa upande wa mama mchungaji. Pasta kwa usukani haskii kitu! Unatufanyia nini?"

Titus akakata simu bila kuaga. Watu wake wengi husikiliza kwa simu, spika moja tu ndogo, au kwa horni ya kanisa. Ni nyimbo ngapi zilitoka hivyo bila mtu kugundua? Mtu mwenye akili tulivu angekaa chini akajiuliza. Titus hakukaa chini. Alitafuta wa kumtupia, na aliyekuwa karibu zaidi ndiye aliyempenda. Akafungua kundi la WhatsApp la maprodyusa na madiijei, kuanzia Kakamega hadi Mumias, akashika kitufe cha sauti.

"Wasee, mulembe. Mkienda kwa duka ya Nehemiah mjichunge na huyo dada anaitwa Milcah. Ameniuzia monita imekufa upande moja, halafu akajifanya ananipenda ndio ninyamaze."

Akaachilia kitufe. Ujumbe ukaenda. Kwa muda mfupi alijisikia mwepesi, na aibu ya jambo hilo ilikuja kumla baadaye kuliko aibu nyingine zote.

Milcah hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, siku ya tatu, kwa miguu, bila mwavuli. Gauni lilikuwa lile la kijani. Hakuketi.

"Nehemiah ameniambia nipumzike kwanza," akasema. "Wateja wanaingia wanauliza kama mimi ndiye wa spika na mapenzi. Kupumzika unajua ni kufutwa."

"Milcah, mimi nilikuwa na hasira..."

"Sijakuja kwa hasira yako. Weka wimbo wangu. Sauti peke yake, katikati kabisa, usiguse kitu."

Akauweka. Sauti ya Milcah ikajaa chumba, na Milcah mwenyewe amesimama hapo, midomo imefungwa.

"Ipi ni mbovu?"

"Ya kushoto."

Milcah akazizima, akazichomoa zote mbili, akazibadilisha mahali: ya kushoto akaipeleka kulia, ya kulia akaileta kushoto. Fundi yeyote angeanza na hilo. Titus alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na mkono wake ulikuwa umekataa kulifanya.

"Sasa ipi ni mbovu?"

Titus akasikiliza.

"Ya kushoto."

"Hiyo ndiyo ulisema ni nzima."

"Basi ni umeme wa huu upande. Ama ni ukuta."

"Geuza kiti."

"Milcah."

"Geuza kiti, Titus. Angalia mlango."

Akageuka. Monita zikawa mgongoni kwake, wimbo unaendelea. Sasa ile iliyokuwa imekufa ilikuwa inaongea vizuri kabisa, na mwenzake ndiye aliyenyamaza. Kulikuwa na nyenje tu upande ule, wakilia, wakilia, ndani ya kichwa chake, na dirisha lilikuwa limefungwa.

"Spika hazijasogea," Milcah akasema. Sauti ilikuwa imepungua ukali. "Ni wewe umegeuka."

Titus alibaki ameangalia mlango, na Milcah akapita mbele yake, akaufungua, akatoka kwenye manyunyu. Alikuwa akilia, lakini Titus aliona tu mabega.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mpole kwa jina Jeruto, mwenye kuuliza polepole. Amefanya kazi gani? Muziki wa matanga, akasema Titus, tangu ujana wake kule Mayoni, na mjomba wake Osundwa. Walikuwa wakikesha vilioni. Alisimama wapi? Kando ya spika, spika ndefu kuliko mlango. Upande gani? Titus akafikiri. Jenereta ilikaa upande mwingine kila mara, kwa hiyo spika ilikuwa kushoto kwake. Kila mara ilikuwa kushoto.

"La kushoto limeenda, sitakudanganya," daktari akasema. "Na la kulia limeanza kuchoka. Ukiendelea na kelele litafuata. Hata ukiacha, siwezi kukuahidi."

Titus alitembea hadi bustani ya Muliro Gardens, akaketi kwenye benchi yenye maji. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa wazi: hakujua kazi nyingine. Ni kwaya gani itampelekea sauti zake mtu asiyesikia upande mmoja? Basi akanyamaza. Na kunyamaza kulimlipa vizuri. Watu walimwonea huruma. Makhanu alimpigia akasema, "Pole, ndugu, tumeskia vile ulipigwa na huyo msichana. Njoo uturekodie upya hapa kanisani, tutavumilia." Alimradi lawama ilikaa kwa Milcah, mkate wa Titus ulikuwa salama. Alilijua hilo kila asubuhi alipoamka, na kila asubuhi alilinyamazia.

Alimpigia Milcah mara nyingi. Simu iliita hadi ikakata.

Ilikuwa siku ya soko alipokwenda Lubao na vifaa vyake mgongoni. Barabara ilijaa ng'ombe, malori na vumbi lililochanganyika na kinyesi. Akapita nyuma ya lori moja la ng'ombe, na hapo, upande wa pili, akamwona Milcah. Alikuwa akimsaidia shangazi yake kuuza nguo za mitumba, turubai limetandikwa chini. Alikuwa amevaa leso juu ya sketi ya zamani, miguu imejaa vumbi, na alikuwa amekonda.

Kijana mmoja aliinua suruali, akaipima kiunoni, akamtazama.

"Si wewe ndiye wa spika? Hii suruali iko miguu yote, ama moja imekufa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza, "Chunga, atajifanya anakupenda."

Yalikuwa maneno ya Titus, neno kwa neno. Milcah aliichukua ile suruali mkononi mwa kijana, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye rundo, akainama kupanga viatu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Shangazi yake ndiye aliyefoka, akawafukuza. Titus alisimama nyuma ya lori, na sikio lake zima likamfikishia kila kitu.

Aliweka vifaa chini palepale kwenye vumbi. Akafungua lile kundi. Ng'ombe walikuwa wakilia, naye akashika kitufe cha sauti.

"Wasee, ni Shikanga. Ile maneno nilisema juu ya Milcah ni uongo. Spika alizoniuzia ni nzima, zote mbili. Mbovu ni sikio langu. La kushoto limekufa, nimeenda hospitali nikaambiwa. Nyimbo zenu zilizolala upande moja ni mimi nililaza. Milcah hakunidanganya kitu, na hakujifanya. Mimi ndiye nilimkosea. Wekeni hii kila mahali mliweka ile ingine."

Makhanu alikuwa amesikia kabla Titus hajafika kanisani. Alimpokea mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili, kama mtu aliyefiwa.

"Tutakuombea sana, ndugu. Lakini kwa kurekodi... acha tuangalie kwingine kwanza."

Wengine hawakumpa hata maombi. Vijana wa chuo walihamia kwa prodyusa mwingine upande wa pili wa mji. Simu ya Titus, ambayo zamani haikumpa nafasi ya kula, ilikaa mezani siku nzima bila kuwaka. Akauza maikrofoni moja. Akapata kibarua cha kupakia miwa. Jioni alirudi, akaketi kwenye kile kiti, asiwashe chochote.

Milcah alimpigia baada ya wiki kadhaa.

"Nimeskia," akasema.

"Nilitaka uskie mapema. Nilichelewa."

"Ulichelewa sana. Nehemiah amenirudisha. Alikuja mwenyewe kwa shangazi, na mkate na sukari."

"Nashukuru."

"Usishukuru. Unakula?"

"Nakulanga."

"Nini?"

Titus akasema chai, na Milcah akakata simu.

Jumamosi akabisha hodi. Mvua ilikuwa imemfuata hadi mlangoni. Alikuwa na gauni jipya la zambarau, viatu mkononi, na bakuli la ingokho, kuku wa kienyeji, lililofungwa kwa kitambaa. Akaliweka mezani, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Unafanana na mtu amelala kwa shamba la miwa."

"Nimetoka huko."

Karibu acheke, akajizuia. Wakala. Kisha wakaingia kwenye kile chumba, kwa sababu kumbukumbu ya mama ilikuwa karibu na wimbo haujaisha. Titus akasimama kando ya kiti.

"Kaa wewe. Mimi siwezi kujua kama uko katikati."

Milcah akaketi. Titus akasogeza kidogo kidogo, akiutazama uso wake badala ya kusikiliza. Sauti iende huku? Hapana, rudisha. Hapo? Bado. Hapo? Hapo. Walifanya hivyo ubeti baada ya ubeti, hadi wimbo ukasimama sawa, na Milcah akajifuta macho kwa kiganja.

"Nilitaka kukuuliza kitu siku ya kwanza uliimba hapa," Titus akasema. "Nilitaka kukuomba tuoane."

"Usiniulize leo. Leo bado nina hasira na wewe."

"Naelewa. Na kabla hujapoa kuna kitu sijakwambia. Sijamwambia mtu. Daktari alisema hili la kulia limeanza pia. Anaweza kuwa amekosea. Lakini siku moja pengine nitakuwa sikusikii kabisa, Milcah. Ukiniita, ukilia, ukiimba. Ujue hivyo ukiwa bado huru."

Wimbo ulikuwa umeanza upya kwenye monita, wenyewe, kutoka mwanzo. Mvua ilipiga mabati. Titus aliangalia mikono yake, yenye mikwaruzo ya majani ya miwa, akangoja asikie kiti kikisogea na mlango ukifunguka.

Kiti kikasogea.

"Zima hizo spika," Milcah akasema.

Akazizima. Milcah akamzunguka, akaketi sakafuni upande wake wa kulia, akamvuta shati naye aketi. Akaimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa mama yake, polepole, midomo karibu na sikio, na alipofika mwisho akaanza tena, na tena, na Titus akafumba macho akiukariri.